Triza Hajala Tangu Jumatano

Siku ya kwanza kikombe kilikuwa kimeloa, basi. Kikombe cha bati chenye ua jekundu, kilichofunikwa kifudifudi kwenye rafu tangu Triza azikwe, asubuhi hiyo kilikutwa kimesimama, ndani kina unyevu na ukingoni kina alama ya mdomo mdogo. Mtasema panya. Kageha naye alisema panya. Akakifuta, akakifunika tena, akaenda zake bombani kupanga foleni ya maji. Mtu aliyefiwa na mtoto wa miaka sita hana nguvu ya kubishana na kikombe.

Hiyo ilikuwa mtaani Ziwani, mwaka wa tisini na nne, miezi mitano baada ya saratani ya taya kumchukua mtoto huyo. Mmoja tu, jamani, tena aliyekuja baada ya miaka tisa ya kungoja. Kageha alimwosha maiti kwa mikono yake, akamsindikiza mpaka Bungoma kwa kina mumewe, akauona udongo ukimfunika. Kilichomwamsha kitandani kila siku ni kitu kimoja tu, kujua kwamba mwanawe haumwi tena, amepumzika. Hilo hakutaka mtu yeyote alichezee.

Mumewe, Wasike, alikuwa fundi katika maabara moja ya utafiti upande wa pili wa mji. Mtu mpole, wa kanisa, hata pombe ya busaa haonji. Tangu mazishi alikuwa na desturi ya kurudi kazini jioni kila Jumatano na kila Jumamosi. Kageha alipomuuliza, alisema anakwenda kulisha. Kageha akawaza panya weupe wanaofugwa na watafiti, akayaacha hapo.

Lakini jikoni mambo hayakukaa sawa. Wasike akichelewa kwenda kulisha, uji ulichacha ungali motoni. Halafu ikaja sauti. Haikungoja giza. Ilikuja mchana kweupe, redio ikisoma matangazo ya vifo na watoto wa jirani wakiruka kamba nje, nyuma ya pazia la kitanda cha Triza, sauti ya mtu anayelamba kijiko kikavu, analamba, anatulia, analamba tena, mpaka Kageha akajikuta amesimama na mwiko mkononi, hathubutu kulifunua pazia wala kuligeuzia mgongo, na ile harufu ya uji uliochacha inamjia usoni kama pumzi ya mtu aliyeamka na njaa.

Fadumo, jirani yake, alisema bila kupepesa macho kwamba hilo ni jini, litolewe mapema. Kwa hiyo aliitwa Mama Wekulo, nabii wa kanisa la Roho, akaja na kanzu yake nyeupe na ngoma. Aliomba saa nzima. Kisha akaiweka ngoma chini na kuketi kitandani kwa Triza.

"Huyu simfukuzi," alisema polepole. "Jini hufukuzwa kwa sababu hapa si kwake. Huyu yuko kwao. Na kuna mtu anamlisha."

Wasike alikuwa mlangoni. Alisema amechelewa kazini, akatoka. Ilikuwa siku ya mapumziko.

Wiki iliyofuata alifiwa na mjomba, akasafiri Alhamisi. Kufikia Jumamosi usiku sauti ilikuwa kilio. Jumapili adhuhuri, Kageha akiwa ameziba masikio kwa leso, mlango ukabishwa. Alikuwa kijana mmoja mcheshi, akajitambulisha kuwa ni Kitonga, anafanya kazi na Wasike.

"Samahani, shemeji," alisema. "Mzee amesafiri bila kutuachia ufunguo wa akiba wa kabati, na sisi tumepoteza wetu. Naomba uniangalizie kwenye koti lake la kazi. Triza hajala tangu Jumatano."

Kageha akamwuliza arudie. Kijana akarudia, akitabasamu, maana kwake hilo lilikuwa jina la kazini tu. Kageha akautoa ufunguo kotini, akajifunga leso kiunoni, akasema twende wote.

Njiani Kitonga alieleza kwa fahari. Uvimbe wa mtoto mmoja ulikatwa kipande, seli zake zikawekwa kwenye chupa, na tangu hapo zinajigawa zenyewe bila kuchoka. Watafiti wanazijaribia dawa, na hata zikigandishwa kwenye mtungi wa baridi kali hazifi, hulala tu. Walipofika maabara alifungua kabati lenye joto la mwili, akatoa chupa bapa na kuinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa ya manjano. Zikishiba huwa ya pinki, alisema, zikiona njaa yanageuka hivi. Ndani mlielea vidonge vidogo vyeupe vya seli.

"Mtoto mwenyewe alishafariki," akasema. "Hizi ndizo hazijui."

Kwenye plasta iliyobandikwa chupani, kwa mwandiko wa Wasike, ule ule ulioandika jina hilo kwenye madaftari ya shule, paliandikwa TRIZA. Kageha aliishika chupa. Ilikuwa na joto la paji la mtoto mwenye homa. Alitaka kuipasua, akashindwa, kwa sababu mama hawezi kumwona mwanawe ana njaa akamwacha hivyo.

"Mlishe," alinong'ona.

Wasike aliporudi hakukana. Daktari aliomba kipande, naye akatia sahihi kwa niaba ya wote wawili, saa ile mkewe alipokuwa bombani akifua nguo za mtoto. Alisema hakuweza kumwacha aishe kabisa.

"Ulinifanya nimzike nusu," Kageha akamwambia. "Nikiamka kulia, wewe unaamka kwenda kumwona. Mimi hukunipa hata hilo."

Alilia Wasike, akapiga magoti. Akazileta chupa zote kwenye sanduku, akaapa mbele ya Mama Wekulo, mkono juu ya Biblia, kwamba hakuna nyingine kabatini. Watatu wakaenda Bungoma, wakazimwaga kaburini, wakafukia.

Kukawa kimya. Wiki tatu uji ulikuwa uji. Kageha alianza kucheka tena na Fadumo kibarazani, na siku moja ulimi ukamtoka akamwita mumewe Baba Triza, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ile ya magoti. Alikuwa karibu kabisa kumsamehe.

Asubuhi ya Jumatano kikombe kilikuwa kimesimama. Kageha alikigusa, akaondoa mkono haraka. Kilikuwa kimejaa barafu hadi ukingoni, inafuka moshi mweupe, kwenye nyumba isiyo na friji, jua la Februari likiwa limeshaingia dirishani. Nyuma ya pazia meno madogo yalikuwa yakigongana.

"Mama, baridi."

Wasike alikuwa mlangoni akivaa viatu. Aliisikia. Kageha akamgeukia, akakumbuka kiapo neno kwa neno. Kabatini. Alisema kabatini tu.

"Umemgandisha wapi?"

Wasike hakuuliza nani. Aliinama, akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa.

Kageha alitoa sweta ya Triza msumarini, akakivalisha kikombe, akaketi kitandani kwa mwanawe na kukikumbatia kifuani, mpaka jua likahama dirishani. Barafu haikuyeyuka.