Shaba Ndani ya Darubini

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu Jumapili iliyopita, mchana, akiwa amejikunja kwenye kochi langu. Mpaka sasa bado nimeshika kifua.

Yeye na mpenzi wake walikutana hospitali, foleni ya eksirei imefika mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa ameteguka mkono, kavaa gauni la kijani na bangili.

"Vua bangili, dada," akasema mpiga picha, kijana mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi likasimama.

"Haitoki."

"Sabuni ile pale. Ikiingia kwenye picha yangu, daktari atatibu bangili."

Akacheka, akavua. "Mimi pia kazi yangu eksirei. Ila wagonjwa wangu wako mbali."

Akamweleza kuwa yeye huchunguza nyota: katikati ya makundi fulani ya nyota kuna shimo jeusi kubwa kupita akili. Gesi inayolizunguka hupata moto mkali kabla ya kumezwa, ikatoa eksirei, na darubini iliyoko angani huzidaka. Kijana akasahau foleni.

Mwaka ukapita, simu asubuhi na jioni. "Umekula, mpenzi?" "Shimo lako limekula?"

Siku moja binti akapiga, anaongea mbio. Kwenye mchoro wake wa eksirei za shimo kaona kinundu, maana yake gesi inalikimbia shimo kwa kasi isiyowahi kupimwa. Miaka mitatu ya kazi, na Ijumaa angeisoma mbele ya wataalamu. Mkuu wake alishawatangazia.

Kijana akauliza, "Hiyo darubini mliitazama ikiwa haina mgonjwa? Isije ikawa imevaa bangili."

"Unapiga picha magoti ya watu, unataka kunifundisha mbingu?"

Binti akakata simu. Siku tatu hakupokea. Kijana akaacha kupiga.

Alhamisi, moyo ukamkera binti. Akafungua picha ya sehemu tupu ya anga, pasipo nyota wala shimo. Kinundu kilekile. Palepale.

Ilikuwa shaba. Shaba iliyomo ndani ya darubini yenyewe, nayo hutoa eksirei zake, na yeye alisahau kuitoa kwenye hesabu. Anasema alikaa sakafuni ofisini na kalamu mdomoni. Hakuna kasi. Hakuna gesi inayokimbia.

Akaenda kwa mkuu wake, akasema mwenyewe. Mzee yule akavua miwani, akafuta hotuba. Ijumaa ukumbi ukabaki umefungwa.

Binti akaenda hospitali, akapanga foleni kama wagonjwa.

"Una nini?" kijana akauliza bila kuinua macho.

"Nilikuwa nimevaa bangili."

Akainua macho. Akavuta droo, akatoa pete aliyoikunja kwa waya wa shaba.

"Niliitengeneza kabla hujanikatia simu. Ukija kupigwa picha, utaivua."

"Na siku nyingine?"

"Usiivue."

Ndipo wakaja kwangu. Kijana alikuwa ametoka zamu, akalala kwenye kiti mdomo wazi kabla sijamkaribisha chai. Mjukuu wangu akanisimulia yote, akaninyooshea kidole chenye pete.

"Bibi, unasemaje?"

Nikaitazama ile shaba, nikaigeuza. Miaka mitatu imekwenda na maji, na mtoto anatabasamu. Nilipotaka kumwambia asiivue, naye alikuwa amelala.