Kafara Ambayo Hakuifundisha

Foleni ya mkate ilikuwa imezunguka bustani nzima ya mji wa Camagüey, Kuba.

"Nani wa mwisho?" aliuliza msichana wa gauni la manjano.

"Mimi," Osniel alijibu, macho kwenye ubao wake mdogo wa sataranji.

"Basi niko nyuma yako. Huyo farasi naye anangoja mkate?"

Ndivyo alivyompata Maidelis. Siku za kazi Osniel alikaa kiwandani, mbali na mji. Kila Jumamosi alimfundisha sataranji klabuni. Pale klabuni, ufunguzi wa mtu, yaani hatua zake za kwanza, ulimtaja mwalimu wake, kama sura ya mtoto inavyomtaja baba.

Jumamosi moja Maidelis alisukuma askari mbele, akamwacha aliwe bure. Kafara hiyo Osniel hakuijua.

"Nani kakufundisha?"

"Cheza, mpenzi. Unaogopa askari mmoja?"

"Nimeuliza nani."

"Nimeahidi kutosema."

Osniel akalaza mfalme wake kukubali kushindwa, akaondoka. Maidelis alipiga simu mara nne. Ya tano aliipokea.

"Mpigie huyo mwalimu wako," akasema, akakata.

Wiki tatu baadaye Osniel alienda kumwona mama yake, Zenaida, ambaye kwenye simu alidai ana mafua tu, asijisumbue kuja. Alimkuta kitandani, mifupa mitupu, chumba kinanuka dawa. Pembeni palikuwa na ubao.

"Mama, kumbe unacheza?"

"Unadhani baba yako alijifunzia wapi? Kaa."

Mama akasukuma askari. Ni yule yule wa Maidelis.

"Maidelis ananiosha na kunilisha tangu Januari," mama alisema. "Nilimkataza kukwambia, ungeacha kazi. Sikuwa na cha kumpa, nikampa kafara hii. Anakuja saa kumi. Mpishe kiti."

Saa kumi Maidelis aliingia na sufuria ya supu. Alipomwona Osniel, akasimama mlangoni.

"Nani wa mwisho?" Osniel aliuliza.

Maidelis akaweka sufuria chini.

"Wewe. Na ulichelewa sana. Shika bakuli."

Alhamisi iliyofuata Zenaida alifariki. Baada ya maziko walikaa kwenye kitanda kitupu, gauni jeusi la Maidelis likinuka mvua, ubao katikati yao. Maidelis alisukuma yule askari. Safari hii Osniel alimla. Wakacheza polepole hadi hatua ya tisa, kisha mkono wa Maidelis ukasita hewani.

"Halafu?"

"Sijui, mpenzi. Mama yako alinifikisha hapa tu."

Osniel akasogea karibu naye, wakaanza kukisia pamoja hatua inayofuata.