Kabati Lililobana Sakafu

Siku ilianza vizuri tu. Mshonaji, jirani yetu wa nyumba ya pili, alikuwa mlangoni anapinda sketi ya mteja, mwanawe anachezea kidonge cha uzi miguuni pake. Mtoto walimwita Kidege, maana alizaliwa kabla ya wakati, na hata sasa anakimbilia miaka miwili, mama yake humbeba mkono mmoja huku mwingine unapiga pasi.

Chumbani mwake fundi alikuwa anamalizia sakafu mpya. Mbao zake hazipigiliwi misumari. Zinachomekana zenyewe kwa zenyewe juu ya sponji nyembamba, na pembeni ya ukuta huachiwa upenyo zipate kutanuka.

"Mama Kidege, sakafu hii inaelea," fundi alisema. "Kitu kizito weka, lakini usikikaze chini. Iache ijongee."

Hajamaliza, wifi huyo! Dada wa mume, anaingia na vibarua wanne na kabati la marehemu mama yao. Wifi hakumpenda mshonaji tangu siku ya posa, na nyumba ile aliitaka yeye. Marehemu naye alikata roho chumba hicho hicho akimlaani mkwewe kwa sauti.

"Linakaa hapa," alisema wifi. Akanyakua drili ya fundi, akapiga skrubu ndefu miguu yote minne ya kabati, zikatoboa mbao mpaka kwenye zege.

"Dada, unaibana!" fundi alipiga kelele.

"Nani kakuuliza? Na wewe," akamgeukia mshonaji, "siku likitoka hili kabati, ujue umetangulia wewe."

Mume, naye yumo chumbani, alitazama viatu vyake. Mwanamume mzima!

Haikupita wiki, sakafu ikavimba katikati ya chumba. Mshonaji alisema ni joto. Lakini ule uvimbe ulihama. Asubuhi uko mlangoni, mchana uko chini ya dirisha. Halafu akaona unapanda na kushuka. Polepole. Kama kifua cha mgonjwa.

Adhuhuri moja alimkuta Kidege kalala chali juu yake, kichwa kakigeuza, sikio kwenye mbao.

"Nani yuko huko, mwanangu?" alinong'ona.

"Bibi."

"Anasemaje?"

"Nilale."

Mshonaji akainama amchukue. Mtoto hakunyanyuka. Akamshika makwapani, akavuta. Wapi! Akavuta mpaka bega la mtoto likalia. Mbao zilikuwa zinabonyea chini ya mgongo wake mdogo. Kidege hakulia. Alikuwa anahema kwa shida, na midomo imeanza kubadilika rangi.

Mayowe aliyopiga, mtaa mzima tulisikia. Mume akaja mbio, akamshika mtoto miguu, akashindwa. Fundi akaitwa, akasema kabati ndilo linaloibana sakafu, lazima skrubu zitoke. Wifi naye akaja, akasimama mbele ya kabati na mikono kiunoni.

"Haling'oki!"

"Wifi, nitaondoka," mshonaji alilia, magoti chini. "Leo hii hii. Nyumba chukua. Niachie mwanangu tu."

Wifi akamwangalia mtoto. Akasogea.

Fundi akafungua skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya mwisho ilipotoka, sakafu ilishusha pumzi ndefu, yenye kohozi ndani yake, ikalala sawa. Mshonaji akamnyakua Kidege. Mwepesi! Akamkumbatia, akalia kwa furaha kama kichaa.

Wifi akaegemea kabati. Likateleza mpaka ukutani kama boksi tupu. Wakafungua. Vyombo vyote vya marehemu vilikuwemo, sahani juu ya sahani. Fundi akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalirudisha chini taratibu, akaondoka bila drili yake.

Jioni ile ile mshonaji alihama na mumewe, wakapanga chumba cha sakafu ya saruji. Zahanati wakampima mtoto, kilo zake ni za kawaida, wakaambiwa hana tatizo. Walilala usingizi mzito.

Asubuhi, mtoto akiwa anacheza, mshonaji alikunja godoro la Kidege ili afagie. Chini yake saruji ilikuwa imebonyea, kama imelaliwa na kabati. Kichwa, mabega, visigino viwili vidogo. Akapitisha kidole humo, ukingo ukafika kwenye kiungo chake, akakitoa haraka.

Kidege akaja nyuma yake, akanyoosha mikono juu abebwe.

Mshonaji akabaki amesimama pale pale na ufagio, hamgusi.