Sweta za Kabatini

Mlango wa ukumbi ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi, kila mtu na mzigo wake: huyu mikoba ya ngozi, yule vioo vyenye fremu za mbao, mwingine kiti kizima kichwani. Maonyesho ya kazi za mikono yalikuwa yanafunguliwa asubuhi hiyo, na kila mwuzaji alitaka kuiwahi meza yenye mwanga. Katikati ya msukumano huo alikuwapo mwanamke mmoja mfupi, amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka, amekumbatia mfuko mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Hakuwa anaona hata anakokanyaga.

"Jamani, nipisheni! Vitu vya kuvunjika hivi!" sauti ya kiume ililia nyuma yake.

Hakuwahi kupisha. Kreti la mbao lilimgonga mgongoni, mfuko ukamponyoka, naye akaenda chini. Kreti nalo likapinduka. Vikombe, bakuli na birika vikamwagika kama mvua, vikatua juu ya mfuko uliofunguka, juu ya sweta na shali na kofia za sufu. Watu wote wakakunja nyuso wakisubiri mlio wa kuvunjika. Mlio haukuja.

Mwenye kreti alipiga magoti, akaanza kuokota kimoja kimoja akikigeuzageuza. "Kizima. Na hiki kizima. Hebu ona, dada, hakuna hata kimoja kilichopata ufa!"

"Na mimi je?" mwanamke akauliza kutoka sakafuni. "Mimi hunikagui?"

Yule bwana akageuka, akamwona kana kwamba ndiyo kwanza anazaliwa mbele yake. Alikuwa mrefu, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko, na udongo mkavu umemkaa kwenye kucha. "Samahani sana. Umevunjika?"

"Bado sijajua. Ila umeniharibia shali." Alama za vidole vya udongo zilikuwa zimejichora kwenye shali nyeupe.

"Nitainunua."

"Huinunui. Utaifua."

Akaifua kweli, bombani nyuma ya ukumbi, taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Aliporudi alikuta meza zao zimepangwa ubavu kwa ubavu. Mwanamke alijitahidi kuficha tabasamu, akashindwa.

Kwenye maonyesho watu huitana kwa bidhaa zao. Yeye alikuwa Dada Sweta. Yule bwana wa kreti alikuwa mfinyanzi, na waliokwisha kumzoea walimwita Udongo. Dada Sweta aliishi na shangazi yake katika vyumba viwili juu ya duka la dawa. Shangazi ndiye aliyemfundisha kufuma, tangu miguu yake haijafika chini akikaa kitini. Alipokua alifanya kazi ya kaunta katika lile duka la dawa, huku sindano zake zikimsubiri chini ya droo. Mwaka huo alikuwa amepiga moyo konde, akaacha kazi ili auze anachokifuma. Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya umeme katika mji mwingine, hakumficha mawazo yake. "Jaribu," alimwambia kwenye simu, "lakini ukichoka kubeba mifuko, njoo kwangu. Kaunta ipo. Msimu ukiisha nipe jibu, nisije nikaajiri mtu mwingine."

Haya yote Dada Sweta alimsimulia Udongo kidogo kidogo, kutoka maonyesho hadi maonyesho, na baadaye kwenye simu.

"Unafanya nini?" Udongo alimpigia jioni moja.

"Nafuma."

"Unafuma nini?"

"Mkono wa kushoto. Wewe je?"

"Nasubiri tanuri lipoe. Nikilifungua mapema, vikombe vyote vinapasuka. Ndiyo maana nimekupigia, mpenzi, unizuie nisilifungue."

Sindano zilisimama. "Umesema nini?"

"Nimesema tanuri."

"Kabla ya tanuri."

"Umesikia vizuri. Usinitese."

Katika chumba cha pili Shangazi akakohoa kwa sauti, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Dada Sweta akacheka hadi akapoteza vitanzi, ikambidi afumue mstari mzima.

Mapenzi yalikwenda vizuri, biashara haikwenda. Watu walisimama mezani, wakapapasa shali, wakasema, "Jamani, mikono yenye baraka hii!" kisha wakaenda kununua vikombe. Jioni moja, wakifunga mizigo, Dada Sweta aliketi juu ya mfuko wake uliojaa vilevile kama ulivyokuja.

"Nadhani nitaenda kwa kaka," alisema.

Udongo aliacha kufunga kreti. "Kwa kutembea?"

"Kwa kukaa. Yamebaki maonyesho mawili msimu uishe. Nikirudi na mifuko hii imejaa tena, nitajua Mungu ananiambia nini."

Udongo alimbebea mfuko hadi kituo cha basi, akasimama pale mpaka basi likapotea kwenye kona.

Basi maonyesho yaliyofuata, kama mchezo, mambo yakageuka. Mama mmoja mwenye miwani alichukua shali mbili bila hata kuuliza kama zinafuliwa kwa maji ya moto. Wasichana watatu wakaja wakibishana, wakaondoka na sweta. Akaja muuguzi aliyekuwa bado na sare yake, akajaribu sweta ya vifungo mbele ya kioo cha jirani, akajigeuza huku na huku, akaichukua. Maonyesho ya mwisho ya msimu yakawa hivyohivyo. Mfuko wa Dada Sweta ulikunjika ukaingia kwenye pochi.

"Nilikuambia," Udongo alisema, macho yake yakiwa kwenye vikombe vyake. "Kazi yako inajiuza."

Usiku uleule, akisubiri basi pamoja na Udongo, Dada Sweta alimpigia kaka yake. "Asante sana, kaka, lakini mpe mtu mwingine hiyo kaunta. Mimi nimepata riziki yangu." Kaka akamtakia heri. Wiki haikuisha, akaajiri mtu.

Siku ya Jumapili Udongo alimwalika nyumbani kwake, chakula cha mchana, amjue dada yake. Dada Sweta alivaa gauni la rangi ya zambarau na hereni ndogo. Shangazi alimzungusha mara mbili kabla ya kumruhusu kushuka ngazi. Nyumba ya Udongo ilikuwa chumba na sebule, na nyuma yake banda la kufinyangia. Dada yake alikuwa mcheshi, mnene, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Wakala, wakataniana. Udongo alikuwa akitokwa na jasho bila sababu, mara anasimama, mara anakaa, kama mtu mwenye neno linalomkwama kooni. Katika kuhangaika huko akapiga jagi la maji ya matunda, likamwagikia Dada Sweta.

"Wewe na kumwagia watu!" Dada Sweta alicheka akisimama. "Taulo ziko wapi?"

"Kabatini hapo," dada mtu alijibu, kisha akashtuka. "Hapana, ngoja, nitakuletea mwenyewe!"

Mlango wa kabati ulikuwa umekwisha kufunguka. Sweta zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine. Shali mbili za mama mwenye miwani. Sweta za wale wasichana. Kofia za watoto. Zote bado zina vibandiko vya bei alivyoviandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilimwambia akuambie," dada mtu alinong'ona.

Dada Sweta aliufunga mlango wa kabati polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Yule mama ni nani?" aliuliza.

"Jirani yangu," alijibu Udongo. "Wasichana ni wapwa zangu. Nisikilize, mpenzi..."

"Nimempigia kaka yangu simu nikamwambia nimepata riziki. Ukiwa umesimama pembeni. Ukanisikiliza nikijisifu."

"Nilitaka usiondoke."

"Ungeniambia nisiondoke!"

Akachukua pochi yake, akatoka, gauni likiwa bado limelowa.

Simu ililia jioni ile, ikalia kesho yake. Siku ya tatu akaipokea.

"Sikukuonea huruma," Udongo alianza haraka, akiogopa kukatiwa. "Niliona woga. Nilijiona nimebaki na meza tupu ubavuni. Nikafanya ujinga."

"Unajua ulichoniharibia? Sasa hivi sijui ni nani aliyenunua kwa kupenda na ni nani uliyemtuma. Hata waliokuwa wa kweli umeniharibia."

"Si wote. Nakuapia, si wote."

"Na mimi nitakuaminije?"

Dada Sweta aliishusha simu, akaendelea kumsikia kichwani.

Shangazi alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa vyumba vile ulikuwa mwembamba na masikio yake yalikuwa mazuri. Alikuja akaketi kitandani. "Hebu nielewe. Mwanamume amejaza kabati sweta za kike, zisizomwenea, kwa ajili yako. Na wewe unalia?"

"Shangazi, alinidanganya."

"Alikudanganya, ndiyo. Na uongo wake umekukosesha kazi. Kwa hilo kasirika, nami nitakasirika pamoja nawe." Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Lakini kinachokuliza si kazi ya kaka yako. Wewe unataka kujua kama unaweza. Hilo mimi sikuambii, yeye hakuambii. Beba sweta zako uende ukauze asipokuwapo."

Asubuhi Dada Sweta akamtumia Udongo ujumbe mfupi: nirudishie zote, na maonyesho ya kwanza ya msimu mpya usije. Jibu likaja papo hapo: sawa. Dada mtu ndiye aliyeleta mfuko, na ndani yake hamkuwa na neno lolote la kaka yake. Kwa hilo Dada Sweta alimshukuru Udongo moyoni, ingawa aliupekua mfuko hadi chini.

Maonyesho yalifanyika kwenye uwanja wa shule, chini ya mahema. Ubavuni mwake aliwekwa mwuza mishumaa, mama mkimya asiyetania. Dada Sweta alizipanga sweta za kabatini mbele kabisa, akavua vile vibandiko vya zamani.

Asubuhi watu walipapasa, wakapita. Mwanamke mmoja akasema shali ni pana mno, inaburuta. Badala ya kununa, Dada Sweta akaikunja mara mbili, akamtupia mabegani, akaibana kwa pini. "Hivi je?" Mwanamke akajitazama, akaondoka nayo. Mzee mmoja akataka kofia, ila isiyobana masikio; akamkadiria hapohapo kwa vidole, akamchagulia. Sweta ya manjano aliyoipenda kuliko zote haikutazamwa na mtu. "Basi wewe utakaa nami," aliiambia, akaiweka chini. Hakuumia kama alivyodhani.

Mchana ukigeuka, alitokea muuguzi. Sare ileile, na juu yake ile sweta ya vifungo, imeanza kulegea viwikoni kwa kuvaliwa.

"Afadhali nimekupata! Nimekutafuta kwenye ukumbi ule hadi nikachoka," alisema. "Kifungo kimoja kimeanguka. Na wenzangu wa wodini wananisumbua, zamu ya usiku kuna baridi. Wanataka za kwao."

Dada Sweta alimkazia macho. "Nani amekutuma?"

"Anitume nani?"

"Hakuna mtu? Mfinyanzi mmoja, mrefu, ana udongo kwenye kucha?"

"Dada," muuguzi alisema, akianza kuingiwa na wasiwasi wa kikazi, "umekunywa maji leo?"

Dada Sweta alicheka, kisha machozi yakamtoka palepale, hata mwuza mishumaa akanyoosha mkono akampa leso. Akashona kifungo, akampima muuguzi mikono ili akisie urefu wa mikono ya wenzake. Muuguzi alipoondoka, akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Bandani," alijibu Udongo. "Uliniambia nisije."

"Njoo sasa."

Alifika watu wakifunga mizigo, shati limejaa vumbi jeupe, hakubadilisha hata viatu. Alisimama mbali kidogo na meza, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Wingu zito lilikuwa limekusanyika juu ya uwanja.

"Sikuuza zote," Dada Sweta alimwambia. "Nyingine hazipendwi, nimeziona kwa macho yangu. Lakini nimeuza. Mwenyewe."

"Naona."

"Usininunulie tena kitu changu kwa siri."

"Na kwa wazi? Nikiwa na baridi?"

"Utapanga foleni kama watu wengine." Akajitahidi kukaza uso. "Na ukitaka nisiende mahali, sema nisiende."

"Usiende," alisema Udongo. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, akaingia mzima mzima. "Jumapili ile nilikuwa na neno. Ndilo lililokuwa linanitoa jasho."

"Lisemee hapa."

"Hapa? Kwenye mahema?"

"Mvua inakuja, mpenzi. Harakisha."

Neno hilo lilimpa nguvu. Akamshika mikono yote miwili. "Nataka nikuoe. Tuishi pamoja, tugombane na kupatana pamoja. Utakubali?"

Simu ya Dada Sweta ikalia. Alikuwa Shangazi. Akaipokea kwa mkono mmoja, ule wa pili ukiwa bado mkononi mwa mfinyanzi.

"Umeuza?" Shangazi aliuliza.

"Nimeuza, shangazi. Ngoja kidogo, kuna mtu anasubiri jibu."

"Jibu gani?"

Dada Sweta alimtazama Udongo, uso wenye vumbi, macho yasiyopepesa, matone ya kwanza ya mvua yakimchora mashavuni.

"Ndiyo," alisema. "Nimekubali."

Kwenye simu Shangazi alipiga kigelegele kirefu, na mwuza mishumaa, ambaye siku nzima hakuwa ametoa sauti, akakiitikia.