Hewa Iliyozidi

Boti ya mpira ilipasuka ubavu wa kushoto mchana, ufukwe wa Munyonyo ukiwa mbali nyuma yao ziwani na visiwa bado havijakaribia. Ilijikunja, ikawamwaga majini. Khaemba hakujua kuogelea, alizama. Okidi, mume wa dada yake, alimfuata chini. Alipokuwa akimvuta juu, propela ilimpitia Okidi mkono wa kulia. Kisha injini ikameza maji, ikazimika.

Waling'ang'ania ubavu uliobaki. Khaemba alivua shati, akalifunga kwenye jeraha, akalikaza kwa meno.

"Hii mpira iko ngumu kama jiwe," Okidi alisema. Alikuwa askari wa miaka mingi, na sauti yake haikupanda. "Itapasuka pia. Ulijaza ngapi?"

"Kumi. Pampu ilishindwa kuendelea. Hapa wameandika ishirini na tano."

"Ishirini na tano ya nini?"

Khaemba alisogeza uso kwenye kibandiko. Asubuhi, ufukweni, alikuwa na haraka, akaona namba tu. Sasa alisoma herufi zilizoifuata: kPa. Geji ya pampu yao ilipima shinikizo la hewa kwa psi, kama geji za kujazia magurudumu ya gari.

Alipiga hesabu. Bar moja ni kilopaskali mia. Bar hiyohiyo ni psi kumi na nne na nusu. Ishirini na tano ni robo ya mia, basi robo ya kumi na nne na nusu...

"Tatu na nusu hivi, shemeji. Nilijaza karibu mara tatu. Jua nalo likaipasha moto."

Okidi alielekeza kidevu kwenye vali. "Toa hewa. Polepole."

Khaemba alibonyeza vali mpaka mpira ukaanza kubonyea chini ya kidole gumba. Upepo uliwasukuma. Okidi alitapika kila alipokunywa maji ya ziwa, na shati liliendelea kulowa damu. Khaemba alimkumbatia kiunoni asiteleze, akamsemesha bila kukoma.

Jioni wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwa hilo, wakitoka kwenda kutega, waliwaona.

Hospitalini mkono ulikatwa. Celestine alifika kutoka kambi ya jeshi ya Makindye, akasimama kati ya mumewe na kaka yake.

"Ilikuwaje?"

"Jua kali," Okidi alisema, macho yakiwa darini. "Mpira ikapasuka."

Celestine akamgeukia Khaemba. "Ni hivyo?"

Khaemba alitazama pale bendeji ilipoishia.

"Ni hivyo."

Dada yake akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumfunga mumewe jeraha.