Hodi ya Sanduku la Saba

Haya yalimpata rafiki yangu mfuga nyoka, na si mtu wa porojo. Kazi yake ni kuhesabu magamba ya matumbo ya swila, ajue yupi ni wa jamii ndogo ipi. Anaishi peke yake. Mlangoni kwake hakuna aliyebisha hodi mwaka mzima. Dada yake alimuuliza kwenye simu, "Kaka, unaongea na nani siku nzima?"

"Na swila. Angalau hawasengenyi."

Ana tabia moja: kabla ya kufungua sanduku hugonga mara mbili, nyoka asishtuke.

Mchana mmoja aliingia chumba cha nyoka kutoa bakuli la maji katika sanduku la saba. Swila wa humo alikufa, akamzika mwenyewe juzi. Mara umeme ukakatika, na chumba hakina dirisha. Masanduku mengine yalinyamaza. Hata mkwaruzo wa gamba hakuusikia. Akapapasa mpaka la saba na, kwa mazoea, akagonga mara mbili.

Akajicheka. "Namgongea nani sasa?"

Ndani ya sanduku kukagongwa mara mbili, taratibu, kwa kifundo cha kidole.