Rangi Nyekundu Mdomoni mwa Mtaro

Ndugu zangu, hadithi hii haina jini wala mfalme. Ina choo. Anayeona haya kusoma habari za choo aufunge ukurasa sasa hivi, lakini ajue kwamba haya hizo hizo ndizo zilizotuletea balaa.

Ghuba yetu ilikuwa ndogo na tulivu, imekingwa na mawe pande zote mbili. Asubuhi watoto walioga, wazee walinyoosha viungo majini, na dobi wa mtaa alianika mashuka yake kwenye kamba ndefu juu ya mchanga. Nyumba ya jirani, dada yake dobi huyo alideki mlango ukiwa wazi, wapita njia waone sakafu inavyong'aa. Tulimwita Mama Ufagio. Mumewe alikuwa Bwana Afya, afisa wa manispaa, mtu wa shati jeupe na maneno mazuri.

Kisha mwani ukaja. Kwanza ulikuwa utando mwembamba wa kijani mdomoni mwa mtaro wa maji ya mvua, halafu ukawa uji mzito uliojaa ghuba nzima. Samaki wakaelea matumbo juu. Watoto wakatoka majini wakijikuna. Ulipoanza kuoza, harufu ya mayai viza ilitufuata hadi vitandani.

Manispaa ikamtaka Bwana Afya afanye kazi na mtaalamu wa maji kutoka chuo cha utafiti, mama mpole aliyetembea na mfuko wa chupa zinazogongana. Haikuchukua muda akabatizwa Mama Chupa.

"Mwani ni kama mmea mwingine wowote," alitueleza. "Hauneemeki hivi hivi. Kuna mtu anaulisha maji ya choo. Tumtafute, tumsaidie aache."

Njia yao ilikuwa hii. Bwana Afya, mwenye mamlaka ya kuingia nyumba za watu, alimimina chooni rangi nyekundu isiyodhuru, kisha akapiga simu. Mama Chupa alisimama mdomoni mwa mtaro akingoja. Rangi ikitokea, bomba la nyumba ile limeungwa na mtaro kwa siri. Isipotokea, mwenye nyumba ana shimo lake, aachwe kwa amani. Kazi iliwahitaji wote wawili, na ilimtaka kila mmoja kuliamini neno la mwenzake.

Walipita nyumba baada ya nyumba na rangi haikutokea.

"Na kwako?" Mama Chupa aliuliza.

"Mimi nilianza na kwangu. Safi kabisa."

Uongo mtupu! Alipojenga vyumba vya wapangaji uani kwake, alikutana na mwamba. Kuuchimba kulimtia uvivu, basi fundi akaunga bomba la vyoo na mtaro, akafukia, na juu yake wakapanda maua. Hata mkewe hakuambiwa. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini huyu alikuwa analiona vizuri, akalikalia.

Lawama zikamwangukia dobi. Kwake pia rangi haikutokea, ila mtaa ulishataka mtu wa kulaumu, na yeye ndiye mwenye maji mengi ya kumwaga. Watu wakaja kuchukua nguo zao zikiwa bado mbichi. Akamfuata Bwana Afya ofisini.

"Shemeji, maji yangu yote yanaingia shimoni. Wewe mwenyewe ulilikagua."

"Litakuwa linavuja, shemeji."

"Ukinifungia, wanangu watakula nini? Na dada yangu utamwambia nini?"

"Sheria haina shemeji," akasema Bwana Afya, macho yake kwenye meza.

Siku ya kufunga kazi ya dobi tuliitwa wote ufukweni. Bwana Afya alivaa shati lililopigwa pasi na dobi huyo huyo. Mama Chupa alisimama kando, hana raha, lakini nyumba ya kushuku alikuwa hana tena.

Wakati huo huo Mama Ufagio alikuwa nyumbani akikusanya nguo za kufua. Kwenye mfuko wa koti la mumewe akakuta pakiti ya rangi. Alikuwa amesugua vyoo tangu siku ya kwanza, akingoja zamu yao, na zamu haikufika.

"Maskini mume wangu," akasema. "Kwa kuhangaikia vya watu, cha kwake kakisahau."

Akamimina rangi yote kwenye choo cha wapangaji. Na kwa kuwa hakuna alichokichukia kama doa, akafuatisha ndoo ya maji, na nyingine, na nyingine, mpaka choo kikarudi cheupe. Kisha akavaa viatu, akaja mbio kutupa habari njema.

Ufukweni Bwana Afya alikuwa anasema, "Usafi, ndugu zangu, unaanza nyumbani," mtaro ulipoanza kutoa wekundu. Ulitoka kidogo, halafu ukaja kwa nguvu, ukatandaa juu ya mwani mbele ya miguu yetu.

"Nani katia rangi leo?" Mama Chupa akauliza.

"Ni mimi!" Mama Ufagio alikuwa anashuka, anahema, anatabasamu. "Mwenzenu huyu alikuwa amesahau kwetu. Vipi, imetokea?"

Akayatazama maji, akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake. Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni mwake.

"Shimo si liko chini ya maua?" akamuuliza mumewe kwa sauti ndogo. "Si uliniambia liko chini ya maua?"

Ndugu zangu, wengi wetu tulitazama chini. Aibu ya mwizi huwa yake, lakini ile ilimwangukia mama ambaye hakuiba kitu.

Mama Chupa alimwomba dobi radhi mbele ya wote. "Maji niliyapima," alisema. "Neno la mwenzangu sikulipima." Bwana Afya akavuliwa cheo, akauvunja ule mwamba kwa mikono yake hadi shimo likapatikana. Siku hizi Mama Chupa na afisa mpya huingia nyumba pamoja, na huanza na nyumba za wakubwa, watu wakishuhudia. Ghuba inasafika polepole. Mashuka ya dobi yamerudi kambani, na mashati ya shemeji yake anayapiga pasi kama zamani, bila kumsemesha.

Mama Ufagio bado anadeki kila asubuhi. Ila sasa hufunga mlango kwanza.

FUNZO

Mficha maradhi kifo humuumbua. Bomba ulilolifukia usiku wa jana litatokea mchana wa kesho, na litapitia kwa mtu akupendaye, anayekuamini bila kukuuliza. Wewe mwenye kukagua wenzako, kwako na kukaguliwe kwanza. Na sisi tunaopenda kumpata wa kulaumu kabla ya kuijua kweli, tukumbuke nguo mbichi tulizozianua kwenye kamba ya dobi.